Samaki Hajui Kwamba Ameajiriwa: Kisa cha Tangi la Matumbawe Nakuru

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, picha mbili na mstari mmoja: "Fundi, tangi limezaa!" Aliyeutuma ni daktari wa meno anayeishi Milimani hapa Nakuru, mtu mwepesi wa kufurahi. Kwenye picha, juu ya jiwe la upande wa kulia, walikuwepo viumbe saba wa rangi ya kahawia iliyofifia, kila mmoja na shina jembamba na minyiri mirefu iliyochanua kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Daktari alidhani amepata anemoni, wale viumbe wa bahari wanaofanana na ua, tena wa bure. Nikamjibu kwamba hao ni aiptasia, anemoni waharibifu wanaoenea kama magugu, asiwaguse mpaka nifike Jumamosi.

Aliwagusa. Alichukua kisu cha mezani akawakwangua wote, akalisugua jiwe kwa mswaki, kisha akanitumia picha ya jiwe likiwa jeupe. Ungedhani kazi imekwisha. Lakini aiptasia huzaliana kwa unyayo: kipande kinachobaki jiweni, hata kikiwa kidogo kama kichwa cha pini, kinaweza kuota kiumbe kizima. Wala hahitaji kisu, kwa kuwa akitambaa tu huacha vipande vyake nyuma. Wiki ya sita nilihesabu thelathini na wanne upande wa mbele peke yake, na mmoja alikuwa amejibanza kwenye shina la Euphyllia, tumbawe lenye vichwa vinne lililomgharimu Daktari kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Minyiri ya aiptasia huchoma. Tumbawe linalochomwa kila siku hujikunja, na likikaa limejikunja kwa majuma nyama yake hurudi nyuma, mfupa mweupe ukaonekana.

Nieleze tangi lenyewe. Lina urefu wa sentimita 120, upana 60 na kina 60, yaani lita 430 hivi kabla mawe hayajachukua nafasi yao, na chini yake kuna tangi dogo la chujio na hita. Wakati huo walikuwamo samaki klauni wawili na samaki mwingine mwembamba mwenye mkia mwekundu kama moto, Nemateleotris magnifica. Matumbawe mengi yalikuwa laini. Mawe yaliyokuja na balaa hili yalitoka kwa mfugaji wa Nairobi aliyekuwa akifunga tangi lake, naye Daktari aliyatia ndani jioni ileile bila kuyaweka kando hata siku moja.

Wageni wa nyumba ile huuliza kama maji yanachotwa ziwani. Ziwa Nakuru ni la magadi, pH yake huzunguka 10, ilhali ya bahari ni 8.2 hivi. Klauni akitiwa humo hafiki jioni. Maji ya visima vya huku Bonde la Ufa nayo yana floraidi nyingi, na hilo Daktari halihitaji kuelezwa, maana meno ya kahawia ndiyo riziki yake. Kwa hiyo maji ya mfereji hupitishwa kwenye mtambo wa kuchuja mpaka yabaki matupu, kisha huchanganywa na chumvi ya bahari ya pakiti. Kila lita 40 hula takriban kilo moja na nusu ya chumvi. Nataja gharama hizi ili msomaji aelewe kwa nini mtu aliyefika hapo huwa na haraka ya kupata dawa.

Nilipofika Jumamosi nikapiga tochi jiweni, nikaona jambo ambalo Daktari hakulitaja: minyoo bapa, wekundu wa kutu, wadogo kuliko punje ya mchele, wenye mikia miwili mitatu nyuma. Walikuwa wametanda juu ya tumbawe moja laini kama masizi. Hawa hawali nyama ya tumbawe. Wana mwani ndani ya miili yao, kwa hiyo hujianika penye mwanga na kulitia tumbawe kivuli, na huongezea mlo kwa kuwinda viumbe wadogo wa majini. Ubaya wao mkubwa huonekana wakifa wengi kwa mpigo, kwa sababu miili yao hutoa sumu inayoweza kuua samaki.

Basi mle ndani mlikuwa na aina mbili za wadudu wasiofanana kwa lolote, na kabla sijamaliza kueleza, Daktari akaniambia kwamba samaki wa kuwamaliza yuko njiani.

Alikuwa amenunua Pseudocheilinus hexataenia, samaki mdogo wa zambarau mwenye mistari sita ya rangi ya machungwa. Nitamwita Mistari Sita. Muuzaji alimwambia "anakula wadudu wote." Sifa za samaki huyu hazikutungwa hewani. Anaishi hadi kwenye miamba ya pwani yetu ya Kenya, na macho yake hayatulii: hukagua kila ufa wa jiwe akidonoa kopepodi (vijidudu vidogo vya majini), konokono wachanga wanaofyonza chaza, na pengine minyoo bapa. Ila aiptasia hamtazami mara mbili. Na hao minyoo bapa, samaki mmoja wa jamii hii huwala, mwenzake wa jamii ileile huwapita kama hawaoni.

Huyu wetu aliwala kwa siku tano hivi. Kisha akagundua kwamba chakula cha kuangushwa na binadamu ni kitamu zaidi na hakikimbii. Daktari alikuwa akilisha omena waliokaushwa na kusagwa, asubuhi na jioni, na wageni nao wakialikwa kurusha kidogo. Mistari Sita akashiba, na alipokosa kazi akaanza kulinda mtaa. Alianza na yule mwenye mkia wa moto. Nemateleotris ni mwoga kwa maumbile, akifukuzwa hukimbilia juu, na tangi lile halikuwa na wavu wa kufunika. Dada wa kazi ndiye aliyemkuta chini ya kabati akifagia, amekauka kama omena wenyewe.

Hapo ndipo tulipokaa chini tukazungumza vizuri. Daktari alidhani kosa ni kuchagua samaki mbaya. Mimi naona kosa lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kila samaki unayemtia kwenye tangi la matumbawe hufunga mlango fulani, na Mistari Sita alikuwa amefunga ule niliokuwa nikiutegemea. Yupo konokono mdogo wa bahari asiye na gamba, Berghia stephanieae, ambaye chakula chake ni aiptasia tu. Hagusi tumbawe, hutoka usiku kula, na aiptasia wakiisha naye hufa kwa njaa. Kwa tangi kama hili sijui mtenda kazi mwaminifu zaidi. Lakini konokono huyo hufika akiwa na ukubwa wa ukucha wa mtoto, na kwa Mistari Sita hicho ni kitafunio. Yaani tulimleta samaki asiyemla adui wetu, ila angemla anayemla adui wetu.

Nakuru tuna mfano wa jambo hili tusiokumbuka sana. Vile visamaki vya Ziwa Nakuru, Alcolapia grahami, si wenyeji wa ziwa. Waliletwa kutoka Ziwa Magadi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakazoea, wakazaana, na walaji wa samaki wakafuata: wari weupe walianza kuja kwa wingi kwenye ziwa ambalo awali lilikuwa la heroe wala-mwani. Mtalii anapiga picha ya wari akidhani ndivyo ziwa lilivyoumbwa. Mbu bado wapo. Sisemi ilikuwa vibaya, maana wari wanapendeza, ila samaki hakusoma barua ya ajira. Alikula alichokiona, akawa chakula cha waliomwona.

Turudi tangini. Nilimwekea Daktari mezani waliosalia wa kuchagua.

Kitatange, kama Wapwani wanavyomwita, ndiye anayetajwa kwanza kwa aiptasia. Lakini kitatange ni ukoo mzima. Yule mwenye mdomo mrefu na mistari ya shaba, Chelmon rostratus, ndiye anayesifiwa kwa matangi ya matumbawe, naye si wa bahari yetu: huanzia upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi kuelekea Pasifiki. Huwa mgumu kumzoesha chakula, wengi hufika wamekonda na hufa wakiwa wanatazama sahani iliyojaa. Wa kwetu anayepatikana kwa urahisi ni Chaetodon lunula, mwenye kitambaa cheusi machoni kama mwizi wa katuni. Huyo atafyeka aiptasia, kisha atahamia kwenye polipu laini (vichwa vidogo vya tumbawe vyenye minyiri) zilizo jirani bila kuona tofauti. Kwenye tangi la samaki na mawe matupu ningempeleka leo hii. Kwenye tangi la Daktari angekuwa msiba wa pili.

Uduvi wa jamii ya Lysmata, wenye mistari myekundu mwilini mwangavu, ni wazuri pia. Shida ni sokoni. Mara nyingi huuzwa kwa jina hilo uduvi mwingine, Rhynchocinetes, mwenye kibyongo, macho makubwa na mistari myeupe iliyochanganyika na myekundu, na huyo hula polipu za matumbawe. Nimewahi kuletewa wanne, na wote wanne walikuwa na kibyongo. Sikutaka kurudia bahati nasibu hiyo.

Akabaki Acreichthys tomentosus, binamu mdogo wa kikande. Ana ngozi kama mahameli, kahawia na kijani inayobadilika kulingana na alipojificha, na hapiti sentimita 12 hivi. Hula aiptasia kwa bidii, na wapo wanaozalishwa kwenye matangi ya wafugaji badala ya kuvuliwa, ambao huwa wameshazoea chakula cha mkono. Dosari yake nilimwambia Daktari waziwazi: baadhi yao, aiptasia wakiisha, huonja matumbawe. Tungemleta tukilijua hilo.

"Fundi, kwa nini tusilete wawili au watatu, kazi iishe haraka?"

Swali la haki, na jibu lake linatokana na mahali tulipo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na maji hubeba oksijeni kwa kadiri ya mgandamizo huo. Tangi la Daktari, likiwa na joto lilelile na chumvi ileile, haliwezi kushika oksijeni inayofikia ya tangi la Nyali, kule Mombasa. Limepungukiwa na sehemu moja kati ya tano kabla samaki wa kwanza hajapumua. Usiku matumbawe na mwani navyo huvuta oksijeni, na stima ikipotea saa nane za usiku pampu zote husimama. Mwongozo wa idadi ya samaki ulioandikwa na mtu aishiye kando ya bahari, mimi huupunguza kwanza ndipo niufuate. Samaki mmoja basi, na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha stima ikikatika.

Kabla ya kumwagiza huyo mmoja ilibidi Mistari Sita atoke. Kumkamata kwa wavu kwenye tangi lenye mawe ni kujidhalilisha. Tulikata shingo ya chupa ya soda ya lita mbili, tukaigeuza ndani kama faneli, tukaweka kipande kibichi cha nyama ya kamba wa baharini na kuilaza mchangani. Siku nane aliizunguka. Klauni waliingia na kutoka kama wamepanga humo. Siku ya tisa Daktari alifunga chakula asubuhi nzima, na saa sita mchana mgeni wetu alikuwa ndani ya chupa amekasirika. Alipelekwa kwa mfugaji mwenzetu mwenye tangi la samaki wakubwa, na habari nilizo nazo ni kwamba huko amekuwa na adabu.

Msomaji makini ataniuliza kwa nini, mlango ukiwa umefunguka, sikurudi kwa Berghia. Kwa sababu sikumpata. Kila niliyempigia simu hapa nchini hakuwa naye, na kumwagiza kutoka ng'ambo konokono wa ukubwa ule, kisha akae njiani siku kadhaa, sikuona kama atafika akipumua. Nachagua kilicho bora kati ya vinavyofika.

Muuzaji wa Nairobi nilimwomba kitu kimoja kabla ya kutuma pesa: video ya samaki akila uduvi waliogandishwa. Samaki anayekula mdudu peke yake atakufa siku ya ushindi wake. Video ikaja, samaki akaja kwa matatu siku iliyofuata. Njiani mfuko huvimba kama mpira, kwa kuwa njia ya Limuru hupanda juu kuliko Nairobi na Nakuru zote na gesi hutanuka hewa inapopungua. Wanaofunga samaki pwani kuleta bara wangefanya vyema kuacha mfuko legevu kidogo.

Hakuingia tangini. Aliwekwa karantini wiki sita kwenye tangi la lita 60 lililoko stoo, kwa sababu ugonjwa wa madoa meupe ukishaingia kwenye tangi la matumbawe huwezi kuutibu humo: dawa ya shaba inayoua vimelea huua pia uduvi, konokono na matumbawe. Wiki ya pili nikafanya jaribio ambalo sasa nalifanya kila mara. Nilitoa jiwe dogo lenye aiptasia watatu kwenye tangi kuu nikalitia karantini. Siku tatu alilizunguka. Siku ya nne alimdonoa mmoja ncha za minyiri, akarudi nyuma, akarudia, na kufikia jioni palibaki alama tu. Ni rahisi zaidi kumpelekea samaki mdudu kuliko kumpeleka samaki kwa mdudu ukaja kumwinda siku tisa. Usiku alikuwa akilala ameung'ata waya wa hita ili maji yasimpeperushe, na watoto wa Daktari wakawa wanakwenda stoo na tochi kumwona.

Wakati huo wote tangi kuu halikukaa bure. Omena walisimamishwa. Vipimo vilikuwa vimeonyesha naitreti miligramu 40 kwa lita na fosfeti 0.3, na hiyo ni karamu kwa aiptasia na kwa mwani pia. Tukahamia uduvi kidogo mara moja kwa siku, kufuli likawekwa kwenye kopo la chakula, na kila Jumapili tukabadilisha lita 40 za maji. Minyoo bapa nao walishughulikiwa papo hapo: mpira mwembamba wa kunyonyea maji, dakika ishirini kila Jumapili, ukipita juu ya matumbawe kama mtu anayefyonza vumbi kwenye zulia. Jumapili ya kwanza ndoo ilikuwa nyekundu chini. Ya tano nilihesabu kumi na wawili. Hakuna samaki aliyehusika hapo. Daktari alitaka tumlete Halichoeres iridis, mrembo wa bahari yetu ya magharibi ya Hindi ambaye huwa na hamu na vidudu vya namna hii, lakini huyo hulala amejifukia mchangani, nao mchanga wetu haukufika sentimita mbili. Nilikataa.

Kikande wetu mdogo aliingia tangi kuu mwezi Julai, taa zikiwa zimezimwa. Wiki mbili za kwanza hakufanya lolote la kuonekana ila kujificha karibu na pampu. Wiki ya tatu nikaanza kukosa aiptasia niliowazoea kwa sura. Alianza na wadogo na kuacha wakubwa, jambo lililomkasirisha Daktari, lakini ndivyo inavyofaa: mdogo wa leo ndiye anayekuwa thelathini kesho. Wiki ya kumi na moja upande wa mbele ulikuwa mtupu, na Euphyllia ikafungua vichwa vitatu kati ya vinne. Cha nne kilishakufa, tukakivunja.

Wiki ya kumi na tatu akaanza kudonoa zoanthidi, jamaa wa matumbawe laini wanaoota kwa vikundi vya polipu. Polipu tatu zilifungwa na hazikufunguka tena. Tuliongeza milo yake kuwa mitatu kwa siku, midogomidogo, na tukamtundikia kipande cha chaza kwenye kona ya mbali. Akapunguza. Hakuacha kabisa. Mfugaji mmoja wa Nairobi mwenye aiptasia wengi ameshaomba kumwazima, naye Daktari amekubali kwa maneno, ila kila nikiuliza tarehe watoto wanatazamana.

Wamebaki aiptasia wawili nyuma ya kizuizi cha maji, pembamba pasipopita samaki. Hao tunawatibu kwa hidroksidi ya kalisi, chokaa nyeupe iliyokorogwa kwa maji machache mpaka iwe kama uji mzito, ikidungwa mdomoni mwa aiptasia pampu zikiwa zimezimwa. Si zaidi ya wawili watatu kwa siku, maana pH hupanda. Nilipotaja jina la dawa Daktari alicheka mpaka akaketi: ndiyo anayoweka kwenye meno ya wagonjwa mizizi ikiwa na shida. Nilimkataza kuleta ile ya kliniki, kwa kuwa ya meno huweza kuchanganywa na vitu vingine, tukanunua unga safi. Sindano ndiyo aliyotoa yeye, yenye ncha iliyopinda, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kutumia. Inakaa kwenye droo ya chakula cha samaki, na ameibandikia karatasi kwa mwandiko wake mbaya wa kidaktari: SI YA WAGONJWA.